Wanawake Nao Waulizwe Tumbaku

Siku yangu ya kwanza kazini, Iringa, Mkuu wa Kitengo cha Mionzi alinikabidhi chupa ya jeli na onyo: "Binti, hapa hupimi wajawazito tu. Tumbo lina mengi." Nilianza kuringa siku hiyo, na sijaacha.

Alinifundisha kuutafuta kwa utrasaundi mshipa mkuu, ule unaoteremsha damu kutoka moyoni, mbele ya uti wa mgongo. Ukuta wake ukilegea, mshipa hutanuka kama puto, kimya kimya, na ukipasuka mara nyingi ni msiba. Wengi tuliowakuta nao walikuwa wazee wa kiume, wavuta sigara. Basi wanaume tukawauliza sigara, wanawake tukawauliza uzazi.

Nilipohamishiwa Mbeya nilimkuta Daktari Bingwa wa Upasuaji, mkali, lakini mwalimu kwelikweli. "Wanawake huupata ugonjwa huu kwa nadra, tena wakishazeeka sana," alituambia. "Ila mshipa wao kwa asili ni mwembamba, na huweza kupasuka ukiwa bado mdogo kuliko wa mwanaume. Msiwapimie kwa kipimo cha wanaume."

Ndipo akaja mama mmoja wa mtaa wetu wa Soweto, pale Mbeya, muuza ndizi soko la Mwanjelwa, analalamika mgongo na tumbo. Aliletwa na mwanawe, mchungaji. Nikamwomba mchungaji asubiri nje; ndio ulikuwa mtindo wangu, na wenzangu walinicheka sana kwa hilo.

"Mama, tumbaku unatumia?"

Akautazama mlango. "Kiko, mwanangu. Tangu nimeolewa. Huyo asijue, nakuomba."

Kwenye skrini mshipa ulikuwa umetanuka, si sana. Angekuwa mzee wa kiume asiye na maumivu, tungemwambia arudi baada ya miezi. Nikapima sehemu ya juu ambayo haikutanuka, nikalinganisha: pale chini upana ulikuwa zaidi ya mara mbili ya huo. Nikamwita Daktari Bingwa, nikamweleza na habari ya kiko. Mchungaji sikumwambia neno.

"Si apewe dawa tukapumzike nyumbani?" mchungaji aliuliza.

"Baba," Daktari Bingwa akamjibu, "mshipa huu unaweza kupasuka njiani kwenda nyumbani. Anapelekwa Dar kwa ndege sasa hivi, kwa wapasuaji wa mishipa."

Akafanyiwa upasuaji, akapona. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mlioshika kazi hii mna mashine nzuri kuliko zetu, lakini mashine haiulizi. Wiki yangu ya mwisho kazini yule mama alikuja, mnene, anacheka, akiwa na bibi watatu wa kanisani kwa mwanawe. Akafunga mlango mwenyewe.

"Binti," akaninong'oneza, "hawa nao wanavuta. Wapime."