Minyoo ya Ziwa la Mvua

Ninyi mliokua Makueni miaka ya sabini mtakumbuka jinsi lile bonde la chini ya Matiliku lilivyogeuka ziwa mvua ikinyesha vizuri. Lilikaa miezi minne, mitano, kisha likakauka tukarudi kulisha mbuzi palepale. Maji yalileta samaki, na samaki wakaleta mabishano nyumbani, maana wazee wetu wengi hawakuwala. "Kitu cha majini kiacheni majini," mama alituambia, akitupakulia isyo, mahindi na maharagwe ya jana yanayonuka moshi.

Jumamosi moja mimi na mdogo wangu Mwende, aliyekuwa na miaka saba, tulinasa tilapia wawili kwa gunia. Wa kwanza tulimtupa kwenye makaa na matumbo yake yote, na kwa njaa tukamla nyama ikiwa bado mbichi karibu na mfupa. Mwende alikula zaidi. Wa pili nikampasua kwa wembe. Karibu na moyo kulikuwa na minyoo minne, minene kama kamba za viatu, myekundu, imejikunja. Mmoja ukajinyoosha kiganjani mwangu.

"Hata yule mwingine alikuwa nayo?" Mwende akauliza.

"Hapana," nikasema, na sikujua. Nikamwapisha asiseme nyumbani.

Wiki hiyo sikutulia. Darasani nilichungulia dirishani kuona kama Mwende amebebwa mgonjwa kutoka darasani kwake. Kwenye kati, ule mchezo wa kulengwa mpira, mimi niliyekuwa hodari wa kukwepa, nilipigwa mpira mgongoni mara tatu. Kila Mwende aliposhika tumbo, nilimkazia macho.

Alhamisi alikataa chakula, akalala juu ya gunia jikoni. Mama alidhani ni mapera mabichi. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

"Mumbua, unatafuta nini hapo mlangoni? Ingia au toka."

Nikaingia, nikasema yote. Hakunipiga, na hilo lilinitisha zaidi. Alimfunga Mwende mgongoni kwa leso, tukaenda zahanati mbiombio.

Muuguzi, ambaye sote tulimwita daktari, alisikiliza habari za samaki, akatoa dawa, akatuambia turudi na alichokitoa mtoto. Tulirudi na mkebe. Ndani mlikuwa na minyoo mirefu, myeupe.

"Mama, hii si ya samaki," akasema taratibu. "Hii ni ya udongo na mikono isiyooshwa. Lakini watoto wasirudie kula samaki mbichi. Toeni matumbo, mpike mpaka aive."

 Kesho yake kulikuwa na debe la maji na sabuni kando ya mlango, na Mwende alikuwa akiomba chakula kila saa. Jumamosi ya wiki iliyofuata mama akaniambia, "Nenda ulete huyo samaki nimwone." Akamsafisha mwenyewe, akamchemsha mpaka akavunjika, akaonja. "Si mbaya," akasema.

Wajukuu wangu siku hizi wakiumwa na tumbo huiuliza simu kabla ya kuniambia mimi, wakajibiwa upesi, wakarudi kubonyeza michezo yao. Pengine ni afadhali. Mwaka jana niliwapeleka bondeni, ambako sasa mvua huacha matope ya siku mbili tu. Wakasimama katikati ya mabua ya mahindi, wakauliza maji yalifika wapi. Nikainua mkono juu ya kichwa cha mkubwa wao. Wakacheka, wakaenda zao garini, nami nikabaki kidogo, mkono ungali juu.