Pumzi Iliyokuwa Ikikatika Usingizini

Ndugu zangu, wengi wenu mlinifahamu nikinunua mahindi Kibaigwa, biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi. Nilikuwa mzima, na sauti yangu ilisikika soko zima.

Kisha nikanenepa, hasa shingo. Nikawa naamka kichwa kinagonga, mdomo mkavu, kama mtu ambaye hakulala. Mchana nilisinzia huku naongea na wateja. Wengine walisema nimerogwa, wengine uvivu. Siku moja nasonga ugali, usingizi ukanichukua nimesimama. Mkono wa kushoto ukaingia sufuriani. Ngozi ya kiganja ilibabuka yote.

Hospitalini Dodoma, daktari aliyenifunga kidonda aliuliza nililalaje jikoni. Mume wangu, Yohana, ndiye aliyejibu.

"Daktari, huyu akilala anakoroma, halafu ananyamaza. Kifua kinapanda, hewa haipiti. Mimi humtikisa."

Daktari akanimulika kooni. Mafindofindo yalikaribia kugusana. Akachukua kipande cha mrija wa mpira laini, akakibana kidogo ncha moja, akavuta hewa kwa mdomo upande wa pili. Mpira ukabonyea, kuta zikagandana.

"Koo lako ndivyo lilivyo, mama," akasema. "Ukiwa macho, misuli inalishikilia. Ukilala, inalegea. Njia yako ni nyembamba, kwa hiyo unavuta kwa nguvu, na ukivuta kwa nguvu koo linajifunga. Ndiyo maana ugonjwa huu kwako umekuwa mkali."

"Kaka yangu anakoroma kumzidi," Yohana akasema.

"Anayekoroma, hewa bado inapita. Ogopa akinyamaza huku kifua kinahangaika."

Mafindofindo yakakatwa. Nilitema damu. Kumeza mate ilikuwa kama kumeza miiba, nikaishi kwa uji uliopoa. Daktari alikuwa amenionya kwamba upasuaji peke yake hautatosha, basi nikapunguza mwili, polepole, na nikajifunza kulala ubavu ili ulimi usiangukie nyuma. Kichwa kikaacha kuuma. Sikusinzia tena mbele ya watu. Vidole viwili vya mkono ule ulioungua havikunjiki mpaka leo.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mume wangu aliyekesha kwa ajili yangu. Nyumbani kwenu akiwapo mtu ambaye pumzi yake inakatika usingizini, msimwite mvivu. Mpelekeni hospitali, na aliyemwona aingie naye kwa daktari. Mgonjwa mwenyewe hana la kueleza. Alikuwa amelala.