Kitako cha Sado

Anaeli Mchome ukimuuliza maisha yalikuwaje zamani, hakutajii shilingi. Anasema shilingi haina msimamo. Yeye huhesabu kwa majiko. Aliposhuka kutoka Suji mwaka wa themanini na saba na kuanza ufundi wa bati pale Same, akiuza jiko moja la mkaa alikwenda sokoni akarudi na sado mbili za maharage, na ya chumvi ikabaki mfukoni. Binti yake mkubwa alipoingia sekondari, jiko moja likawa sado moja. Na mwaka huu ninaousimulia, mwaka ambao vuli ilikosa na mahindi yakakaukia shambani kule tambarare, ilibidi auze majiko mawili ndipo apate sado moja. Mkono ni ule ule, nyundo ni ile ile, kipande cha reli anachofulia bati ni kile kile.

Sado, kwa asiyejua, ni kindoo cha lita nne kilichokuwa cha rangi ya nyumba. Kwetu kaskazini ndicho kipimo cha nafaka. Vya plastiki hupasuka kwa jua, kwa hiyo kwa miaka mingi wauzaji wengi wa Same walikuja kwa Anaeli awatengenezee vya bati. Alivikata kwa kufuata kopo moja la zamani la lita nne kamili alilolitundika ukutani, akavichomea kwa risasi, na hapakuwa na mtu aliyevitilia shaka.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili akaja Tumainieli, mfanyabiashara wa nafaka mwenye meza tatu sokoni na gari dogo la kupandia milimani. Alimwamkia vizuri, shikamoo mzee, akaketi kwenye gogo. Dereva wake akashusha sado kumi na madebe mawili. Tumainieli akaeleza anachotaka bila kuzunguka. Zile sado ziwekewe kitako cha pili ndani, vidole viwili juu ya kile cha kwanza. Yale madebe yagongwe kwa ndani mpaka yatoe tumbo.

Anaeli akauliza mbona vinatengenezwa kinyume.

"Madebe ni ya kununulia kule juu," Tumainieli akasema. "Sado ni za kuuzia hapa. Nikipandisha bei, mzee, watu wananikimbia. Nikipandisha kitako, hakuna anayeona."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza karai. Anaeli alimtazama, na damu ikampanda mpaka masikioni. Kule juu alikokutaja ni Suji, kwa mdogo wake Loth, anayelima maharage kwenye ngazi za mlima na kuyashusha kichwani mpaka barabarani. Hapa alipopataja ni nyumbani kwake mwenyewe. Mtu huyu alikuwa ameketi kwenye gogo lake akimwomba amwibie ndugu yake kwa chombo kimoja na mke wake kwa kingine. Akamwambia avirudishe vyombo vyake garini. Tumainieli hakugomba. Alisema mafundi wako wengi, akaondoka.

Kumbe walikuwa wengi kweli.

Wiki tano baadaye Anaeli aligombana na mkewe, Ernesta. Kwa miaka yote sado moja ya maharage iliwatosha Jumapili hadi Jumapili, yeye, mkewe, binti yao mdogo Blessing na wajukuu wawili. Sasa Jumamosi makande yalikuja mezani mahindi matupu. Alikula mara ya kwanza, akala ya pili. Ya tatu akamwambia mkewe kwamba mkono wake siku hizi umekuwa mwepesi, au kuna jirani anayelishwa kwa jasho la nyundo.

Jumapili iliyofuata Ernesta alipotoka ibadani alipitia sokoni, akarudi na mfuko wake, akaja moja kwa moja kibandani, akalishusha lile kopo la ukutani na kumimina maharage yote mbele ya mumewe. Yaliishia vidole viwili chini ya mdomo.

"Jaza sasa, Baba Blessing," akamwambia. "Jaza kwa huo mkono wangu mwepesi."

Anaeli aliona aibu asijue pa kutazama. Akamwomba radhi mkewe hapo hapo, jambo ambalo wanaume wa umri wake hawalifanyi kwa wepesi. Kisha aibu ile ikageuka hasira. Usiku uliopita redio ilikuwa imetangaza kwamba bei za vyakula zimepanda kwa asilimia chache tu, naye alikuwa amesikiliza na kukubali. Asilimia hizo aliyezihesabu alizipataje? Aliuliza bei ya sado, akaambiwa, akaandika. Hakuna aliyemwambia atie mkono ndani ashike kitako.

Jumatatu alilichukua kopo lake, akaenda sokoni, akasimama mbele ya meza ya kwanza ya Tumainieli. Palikuwa na wanawake watano wakinunua. Akaomba apimiwe sado moja ya maharage, akalipa shilingi elfu tisa, kisha akayamimina ndani ya kopo mbele yao na kuliinua waone pengo. Mama mmoja akaingiza mkono ndani ya sado ya Tumainieli, akagonga kitako kwa kucha, kikalia kitupu.

Watu wakasogea. Tumainieli naye akaja kutoka meza ya pili, na hakuonekana kufadhaika. Aliwaambia wateja wake kwamba mzee huyu anayewahubiria haki ndiye aliyempandishia sado kidole kimoja miaka ya nyuma, mwaka ule wa njaa, kwa mikono yake mwenyewe, na alilipwa. "Sema si kweli," akamalizia.

Ilikuwa kweli. Mwaka ule mtoto wake wa pili alilazwa, fedha ilihitajika, na Anaeli alikifanya kidole kile kimoja akijiambia ni kidogo. Sasa alisimama na kopo mkononi mbele ya wanawake wanaomjua.

"Ni kweli," akasema. "Nilifanya. Ndiyo maana najua kinavyofanywa."

Mmoja wa wale wanawake alicheka kwa dharau akaenda zake. Wengine walibaki.

Msimamizi wa soko alipofuatwa alisema Anaeli si mtu wa vipimo, hana mamlaka ya kupima bidhaa za wenzake, ila akiwa na malalamiko ayaandike. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa kalamu, akagonga na dole gumba pembeni ingawa hakuna aliyemwagiza. Mpaka leo hajajibiwa.

Aliyemwelewa alikuwa Salama, mjane anayeuza maharage na choroko upande wa pili wa soko. Alimwomba amtengenezee sado kamili, akaiweka mezani, akaandika bei yake kwenye kadibodi: elfu kumi na mia tano. Kwa vipimo ilikuwa nafuu kuliko ya Tumainieli. Lakini watu walisoma kadibodi, si kitako. Walipita wakisema mama huyu anakomoa, wakaenda kununua ya elfu tisa. Wiki mbili Salama alirudi nyumbani na magunia yake kama yalivyokuwa. Hakumlaumu Anaeli, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemlaumu. Waliomwokoa ni mama lishe watatu wa stendi, ambao hupika kwa sufuria kubwa na wanajua maharage yanaishia wapi. Hao walimhamia, na mpaka sasa ndio wanaomweka mjini.

Anaeli akabaki na njia moja. Aliliweka kopo nje ya kibanda, akawaambia wapitao kwamba mwenye kutaka kupima alichonunua apime bure. Wengine walishukuru. Wengine walimkasirikia, kana kwamba ni yeye aliyewapunguzia. Honorata, mfagizi wa zahanati, alipima, akaona amepunjwa viganja viwili, akageuka. Alikwenda kusimama mbele ya meza ya Tumainieli na mfuko wake mikononi. Hakutukana. Alisimama tu, wateja wakimpita kushoto na kulia, hadi Tumainieli akachota viganja viwili akamtilia ili aondoke. Kesho yake walisimama wanne.

Baada ya hapo likawa jambo la kawaida. Aliyetoka kupima kwa Anaeli akarudi, aliongezewa bila swali. Watu wakaanza kumpongeza Anaeli kwamba ameshinda. Siku moja walipokutana kwenye mashine ya kusaga, Tumainieli mwenyewe alimwambia kwa upole kwamba sasa hawana ugomvi tena, maana wanaokuja anawapa.

"Na wasiokuja?" Anaeli akauliza.

"Wasiokuja hawajui, mzee."

Anaeli alihisi hasira ile ile ya siku ya kwanza. Akawafikiria wazee waliotumiwa nauli na watoto wao, wanaonunua na kupanda gari la Suji kabla halijajaa. Wanawake wenye mtoto mgongoni wasioweza kusimama saa nzima mbele ya meza ya mtu. Loth na wenzake na lile debe lenye tumbo. Hao ndio waliokuwa wakivilipia vile viganja viwili vya Honorata.

Wiki ile ile alikwenda kuomba nafasi ya kuhamishia kibanda na kopo lake kwenye lango la soko, pale ambapo kila anayetoka na mfuko lazima apite. Kodi ya pale ni mara mbili ya kibanda chake cha zamani, na Ernesta alimwambia wazi kwamba majiko hayataweza kuilipa. Alimsikia. Kisha akamwomba amshikie upande mmoja wa kile kipande cha reli, maana peke yake hakibebeki.