Ndani ya Gari na Bastola ya Mzee Yotham

Monika wa Kasokola alikuwa amepika misimu mingi katika kambi ya uwindaji, na kwa muda wote huo hakuwahi kugusa silaha. Bunduki zilikuwa za wanaume. Yeye alikuwa na masufuria yake, na ulimi uliowafanya wanaume hao wanawe mikono kabla ya kula.

Siku ya mkasa walikuwa wawili tu garini, wakitoka Mpanda mjini kununua unga. Dereva alikuwa mwajiri wake, Yotham, mwindaji bingwa aliyeanza kuota mvi. Kwenye korongo, ukingo wa barabara ukameguka. Gari likaserereka na kulala ubavu huko chini.

Monika alijikuta amemlalia mzee, vumbi la unga limejaa kila mahali. Akausukuma mlango wa juu kwa bega hadi akaishiwa nguvu. Ulikuwa umepinda. Kioo cha mbele kilikuwa kimemwagika chote, lakini mbele ya tundu lile, kwenye tope, alisimama nyati dume. Waya wa mtego wa majangili ulikuwa umemla mguu mpaka mfupa.

"Usitoke," Yotham alinong'ona. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika, na ule mwingine umebanwa chini ya mwili wake. Bunduki yake ndefu ilikuwa imerushwa nje.

"Mzee, sasa tunafanyaje?"

"Kiunoni kwangu. Itoe."

Ile bastola Monika aliijua kwa macho: kubwa, nzito, yenye silinda ya kuzunguka na risasi nene kama kidole. Vijana wa kambini waliiita Magnamu, na waliowahi kuipiga walirudi wakijikanda viganja.

"Siwezi, mzee."

"Mama Enoka, mimi ndiye nisiyeweza. Shika kwa mikono miwili. Akiinamisha kichwa, ujue anakuja."

Unga ulimwasha kooni. Alijizuia, machozi yakamtoka, mwisho kikohozi kikamponyoka. Nyati akainamisha kichwa.

Monika alifyatua. Mlio hakuusikia, aliona mwanga tu, kisha kitu kikamgonga paji la uso. Ilikuwa bastola yenyewe, imemrudia. Risasi ilikuwa imechimba udongo. Gari likatikisika kwa kishindo cha pembe. Akaegemeza viwiko kwenye dashibodi, na pua yenye mate ilipoingia pale tunduni, akafyatua tena.

Nyati aliangukia palepale, kichwa ndani ya gari, mwili nje. Njia pekee ya kutokea ikazibwa.

Joto likapanda, inzi wakaja. Monika aliusukuma uso ule wenye damu kwa miguu, haukusogea hata kidogo. Aliuona mdomo wa Yotham ukicheza, lakini masikio yake yalivuma tu kwa ile milio. Akaanza kumsimulia habari za watoto wake mmoja mmoja, akimfinya shavu kila alipofumba macho, mpaka Ngusa, mfugaji wa Mwamkulu aliyesikia milio, alipofika na jozi ya maksai na kamba akamvuta nyati yule.

Yotham alipona. Sikio la kushoto la Monika halikupona. Mzee alipotaka kumfundisha kulenga shabaha, alimjibu kwamba ana mboga jikoni.

Siku hizi analala mlango wa chumba ukiwa wazi. Mumewe amelalamikia mbu mpaka amechoka, akanunua chandarua cha pili.