Jogoo wa Paryan na Mguu wa Asih

Paryan anachinja kuku sokoni kwetu tangu ujana wake, na sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Meza yake na yangu zimepakana. Mimi nauza tempe, soya ya kuvundikwa ndani ya majani ya mgomba, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua, hata yale ambayo angependa nisiyajue. Anaogopa radi, anaogopa sindano, anamwogopa mama yake. Lakini hofu ninayoisimulia hapa ilikuwa ya namna nyingine. Hii ilimla mpaka mashavu yakaingia ndani.

Mkewe, Lestri, alipopata mimba, wanawake wa soko tulimwonya Paryan. Kwetu mume wa mjamzito hachinji kitu, havunji hata mkia wa mjusi, mtoto asije akazaliwa na kilema kilekile. Lakini mchinja kuku asipochinja atakula nini? Akaendelea na kazi, ila kila kuku alimnong'oneza kwanza kumwomba radhi, wateja wamesimama wanamngoja.

"Umemaliza kumposa huyo kuku?" nilikuwa namuuliza. "Wenzako wana vyungu motoni."

"Nicheke tu, Yu Tumi. Dada gani asiyenionea huruma."

Siku moja jogoo mkubwa alimponyoka. Paryan akamdaka mguu wa kushoto, na mguu wa jogoo ukavunjika kwa mlio ambao hata mimi niliusikia. Akabaki amemshika yule jogoo, jasho linamtiririka. Siku hiyo sikumtania.

Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Asih. Alitanguliza makalio, mkunga akahangaika naye sana, lakini akatoka mzima. Paryan alimkagua kidole kwa kidole. Nyumbani alipokewa na bibi yake, Mbah Karsi, mama yake Paryan, ambaye ndiye anayeosha na kukanda vichanga vya kitongoji kizima. Alimfunga Asih kama alivyotufunga sote: miguu inanyooshwa, inabanwa pamoja, kitambaa kinazungushwa kuanzia vifundoni mpaka kifuani, ili mtu akue na miguu iliyonyooka. Hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilikuja Asih alipoanza kutembea. Alichelewa, na alipoanza, kila hatua alizama upande mmoja, akayumba kama bata. Mguu mmoja ulikuwa haufiki chini mpaka asimame kwa vidole. Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto.

"Ni uleule," Paryan aliniambia, midomo imemkauka. "Yu Tumi, ni mguu uleule."

Nilimwambia asinitie wazimu asubuhi-asubuhi. Lakini na mimi niliogopa, kusema kweli. Ule mlio niliusikia kwa masikio yangu.

Mbah Karsi alikuwa na tiba yake. Kila jioni alimpaka mjukuu mafuta ya nazi, akauvuta mguu mfupi ili umfikie mwenzake, kisha akaibana miguu yote miwili kwa kitambaa, kwa nguvu kuliko alipokuwa mchanga, alale hivyo. Asih alipiga mayowe. Paryan alitoka nje akaziba masikio, maana aliona mtoto anaadhibiwa kwa kosa lake yeye. Sokoni akawa anachinja amefumba macho, akajikata kidole gumba mpaka ikabidi nimfunge kwa upindo wa khanga yangu.

Siku ya kupima watoto uzito, mkunga wa serikali alimlaza Asih chali mkekani, akamkunja magoti, nyayo sambamba. Goti moja likasimama juu, la pili likabaki chini. Akatazama mikunjo ya mapaja, nayo haikulingana. Akamwambia Lestri ampeleke mtoto hospitali ya mjini haraka. Alisema akiwa bado mdogo kuna njia, akizidi kukua itabidi wachonge mifupa, na akiachwa kabisa atachechemea na maumivu maisha yake yote.

Paryan akagoma.

"Wataniuliza nilifanya nini," akaniambia.

"Si utawajibu?"

"Lestri hajui habari ya jogoo. Akijua atabeba mtoto aende kwao."

"Kwa hiyo mtoto achechemee ili jogoo wako afichike? Mwanamume mzima. Kesho nafunga meza, tunakwenda wote, na ukikimbia njiani nitakutangaza soko zima."

Hakukimbia, ila rangi ilimtoka safari nzima.

Kwenye benchi la hospitali tulikaa na watu ambao kila mmoja alikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mzee mmoja mwenye paja jembamba alisema wake uliacha kukua baada ya homa ya utotoni, polio. Mama mmoja alikuwa na usaha ndani ya mfupa alipokuwa msichana, ukaua pale mahali mfupa unaporefukia. Kulikuwa na fundi wa pikipiki aliyevunjika paja, mfupa ukaunga huku ncha zimepandana. Binti wa shule naye alitushangaza, maana mguu wake uliovunjika ndio uliorefuka kumpita mzima.

"Unanidanganya, mwanangu," nikamwambia.

"Kweli, Bibi. Dokta anasema mfupa wa mtoto ukiunga huwa unashtuka, unakua kupita kiasi."

Yule mzee akamgeukia Paryan. "Na wa kwenu huyu, nini kilimpata?"

Paryan akainama kumrekebisha Asih nguo. Nilimwona anavyosikiliza hadithi za watu akitafuta kuku ndani yake, na kuku hayumo, na kutokuwamo kwake kulimtisha zaidi.

Dokta alikuwa mwanamke, anaitwa Ratri. Alimpapasa Asih nyonga, akampeleka kupigwa picha, akaitundika picha kwenye taa. "Tazameni. Mifupa ya mapaja yote miwili ni sawa kwa urefu. Huu wa kushoto haukupungua hata kidogo. Umetoka mahali pake. Kichwa cha paja kinatakiwa kikae ndani ya nyonga, mchi ndani ya kinu. Hiki kimetoka kikapanda juu, ndiyo maana mguu unaonekana mfupi."

Hapo Paryan akashindwa kujizuia.

"Ni mimi, Dokta. Mke wangu alikuwa na mimba, nikavunja mguu wa jogoo. Wa kushoto."

Lestri alimgeukia taratibu. Mimi nikatazama sakafu. Dokta hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

"Unachinja kuku?"

"Ndiyo, Dokta."

"Jogoo wako hahusiki, Bwana. Mtoto alitanguliza nini?"

"Makalio," Lestri akajibu.

"Ni wa kike, ni wa kwanza, na alitanguliza makalio. Hao nyonga zao huwa legevu. Baadaye alifungwa? Miguu ikanyooshwa ikabanwa?"

"Kama watoto wote," Lestri akasema.

"Wengi hawadhuriki. Mwenye nyonga legevu, kumnyoosha ni kuusukuma mfupa nje. Mtoto mchanga aachwe akunje magoti na kuyapanua. Ni nani anayemfunga?"

Paryan alikuwa ameshaanza kupumua, nikaona pumzi ikimkwama tena.

"Mama yangu," akasema. "Anamfunga mpaka sasa. Jana amemfunga."

"Isiwe leo," dokta akamwambia.

Walimlaza Asih. Tulikaa nje ya mlango wakati wamempa dawa ya usingizi, wanaurudisha mfupa ndani. Dokta alikuwa ametuambia wazi kwamba huenda usikubali, na usipokubali watampasua. Lestri alisali kimya kimya. Paryan alikuwa hana cha kufanya na mikono yake. Akasogea kwangu.

"Nitamwambia Mama ni jogoo," akanong'ona. "Yeye ni mzee. Hatia hii itamuua. Mimi nimeshaizoea."

Sijui kama kuna siku niliyompenda yule mtu kama siku ile. Lakini binti yangu alikuwa amejifungua majuzi tu, na kila asubuhi Mbah Karsi alikuja kwetu kumwosha mjukuu wangu na kumfunga. Tangu chumba cha dokta nilikuwa sifikirii kingine.

"Mjukuu wangu ni wa kike," nikamwambia. "Na ni wa kwanza. Mwambie wewe, Paryan. Nikimwambia mimi atasema ni maneno ya wauza tempe."

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Siwezi, Yu. Namwogopa."

Mlango ukafunguliwa, dokta akasema mfupa umeingia. Sasa ni plasta, miezi kadhaa, halafu tuone kama nyonga itaushika. Lestri alikaa chini palepale sakafuni.

Asih alirudi nyumbani ndani ya plasta kuanzia kifuani mpaka vifundoni, mapaja yamepanuliwa yakatazama huku na huku. Mbah Karsi alikuwa mlangoni. Alimtazama mtoto. Kisha akamtazama mwanawe.

"Mbona wamempanua hivi?"

Nilijua Paryan ana uongo wake tayari. Nilimwona anaushika.

"Mama," akasema, "ndivyo miguu inavyotakiwa kukaa. Tangu alipozaliwa. Kumfunga ndiko kulikoutoa mfupa."

"Nani kasema?"

"Dokta. Na nimeuona kwa macho yangu kwenye picha."

"Nilikufunga wewe. Huchechemei."

"Ndiyo, Mama. Wengine hawadhuriki. Yeye amedhurika."

Mbah Karsi hakugomba. Ningependelea agombe. Aliingia jikoni, akakaa karibu na moto uliozimika, na chakula chake cha jioni kililetwa kikaondolewa bila kuguswa. Usiku Paryan alikwenda kumtazama mara kwa mara, akiogopa asije akamkuta amekufa.

Asubuhi Mbah Karsi alikuja kwetu kama kawaida. Sikutegemea aje. Alimwosha mjukuu wangu kwa maji ya vuguvugu, akampangusa, akamlaza mkekani, kitambaa amekiweka mapajani pake. Mikono yake, ambayo hufanya kazi hiyo huku akizungumza mambo mengine kabisa, ikasimama hewani. Mtoto akakunja magoti akayaacha yaanguke kila moja upande wake.

"Tumi," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ndogo, "niiweke vipi hii miguu?"

"Iache hivyohivyo, Mbah."

Akaiacha. Alikaa pale akiitazama, ameficha mikono yake chini ya kile kitambaa, na kila mtoto alipopiga teke, yeye alishtuka.