Wapangaji Wangu na Majani Yaliyokataliwa

Mimi nina mdomo, na pale Chepseon hakuna atakayebisha. Kodi ilipochelewa mwezi wa kwanza, nilisema. Ilipochelewa mwezi wa pili, nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akanijibu. Mwezi wa tatu nilinyamaza, na wapangaji wangu waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo walipoanza kuogopa.

Ploti yangu ni mstari mmoja wa vyumba vya mabati, juu kidogo ya kipande cha chai nilichopanda na marehemu mume wangu. Vyumba nilivijenga kwa mkopo wa sacco, na hati ya shamba hilo la chai ndiyo niliyowaachia kama dhamana. Wapangaji wote walikuwa wachumaji wa chai kwenye shamba kubwa ng'ambo ya barabara, watu waliotoka milima ya Kisii. Zamani shamba hilo liliwapa nyumba za kuishi. Kisha nyumba zikabomolewa, wakaambiwa wapange nje na watalipwa marupurupu ya nyumba mbali na mshahara. Mshahara uliingia, ukaishia kwa unga na karo. Marupurupu hayakuonekana.

Bila kodi sikuweza kulipa vibarua wa kuchuma chai yangu, nao wakaenda zao. Chai ikaota hadi ikanifika kifuani. Sacco ilikata mkopo wake kwenye malipo ya majani, na bila majani ya kupeleka kiwandani haikuwa na cha kukata. Wakaniita. Afisa wa mikopo, kijana mpole mno, akanieleza kwamba malipo ya majani ya mwezi ule yasipotosha kulipa mkopo, hati itakwenda kwa dalali. Nilitoka ofisini nikaenda moja kwa moja shambani. Ile chai mimi na marehemu tuliipanda tukinyeshewa, yeye akichimba mashimo, mimi nikishika miche, tukigombana nani amepinda mstari. Sikuwa tayari kuona mtu mwingine akiichuma.

Shemeji yangu alifika na dawa yake, na nyundo mkononi.

"Ng'oa milango," akasema. "Hii baridi ya hapa, nani atalala bila mlango? Watalipa tu."

Nilimwuliza kama milango ikishang'oka itanichumia chai. Akaenda zake amekasirika, na nyundo yake.

Jumamosi jioni nilimfuata mama wa chumba cha mwisho, ambaye wenzake walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi. Alikuwa ametoka kanisani na wenzake. Wao ni Wasabato. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya dalali. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga leso yake upya.

"Sasa mama, mbona hukusema? Ulikuwa unapiga kelele ya rent tu. Sisi tuko na Jumapili. Hatuendi job."

Kesho yake nilikwenda kanisani kwangu. Niliporudi, ploti ilikuwa kimya na shamba limejaa watu. Walikuwa wamekuja na mikasi ya kuchumia, ile wanayotumia kazini, na chai yangu ilikuwa imelala sawa juu kama meza. Magunia yalikuwa yamesimama kando ya njia, mengi kuliko niliyowahi kuyaona kwa siku moja. Nilicheza pale pale na viatu vyangu vya ibada.

Tukayabeba hadi kituo cha kununulia majani, mimi nikitangulia kwa maringo. Karani akamwaga gunia la kwanza juu ya meza, akapekua, akanitazama.

"Mama, hii ni majani ama ni kuni?"

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu. Kwenye shamba kubwa wanahesabiwa kilo, na mkasi hukata chochote kinachopita mbele yake. Sisi wakulima wadogo, kiwanda chetu kinataka majani mawili na chipukizi, basi. Hakuna aliyewaambia. Aliyepaswa kuwaambia alikuwa kanisani akiimba.

Wakulima waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mmoja akaniuliza kama nimeanza biashara ya kuni. Nilikuwa na jibu lake, lakini macho yangu yalikuwa kwenye magunia. Niliwaza dalali akipita katikati ya mistari yetu, nikaona aibu kulia mbele ya wapangaji.

Yule mama wa chumba cha mwisho alikuja mbele. Alichukua gunia, akalimwaga sakafuni, akakaa chini.

"Tuchambue. Lori ya kiwanda bado haijakuja."

Wenzake wakakaa. Nami nikakaa na gauni langu la Jumapili, tukaanza kuvunja vijiti na kutupa majani yaliyokomaa, vidole vikienda mbio. Wao wakaanza kuimba kwa Kikisii. Baada ya muda yule aliyenitania habari ya kuni akachuchumaa karibu nami, akajifanya anatafuta kitu, akaanza kuchambua. Akafuata mwingine. Sisi Wakipsigis kazi ya kusaidiana namna hiyo tunaiita morik, wao wanaiita risaga, na jioni ile sakafuni hakuna aliyeuliza ni ipi. Lori lilifika, dereva akapiga honi, na karani mwenyewe akatoka kumwambia angoje kidogo.

Nusu ilitupwa. Nusu ilipanda kwenye mizani, ikakubaliwa. Nilipiga vigelegele hadi karani akaziba masikio.

Jumapili zilizofuata mikasi ilibaki nyumbani. Mimi nilihamia ibada ya alfajiri ili niwahi shambani, na nikawapikia ugali na kuwamiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye majivu. "Mama, hii maziwa imeungua?" wakauliza mara ya kwanza. Mara ya pili walileta vikombe vikubwa.

Mwisho wa mwezi sacco ilikata chake na hati ikabaki ilipokuwa. Yule afisa mpole alinishika mkono, nami nikamwambia amsalimie dalali.

Kisha siku moja marupurupu yakaingia, yote kwa mpigo. Simu yangu ikaanza kulia, ujumbe wa pesa juu ya ujumbe wa pesa: kodi kamili, ya kila mwezi waliochelewa. Nilikimbilia chumba cha mwisho.

"Mmekosea! Si mmeshalipa kwa kuchuma?"

"Rent ni rent, mama," akasema. "Ile ingine ilikuwa risaga. Risaga hailipwi na pesa."

"Inalipwa na nini?"

"Na zamu yako. Mimi niko na shamba la wimbi kwetu, na magugu imejaa."

Basi nikafunga safari na jembe langu hadi milima ya Kisii, mwenye ploti mzima, nikainama kwenye wimbi la mama yake mzazi. Mgongo uliniuma na nilikuwa na furaha tele. Yule bibi alikuja na fimbo yake, akatazama nilipopita, akasema kitu kwa lugha yao. Mpangaji wangu akacheka hadi akakaa chini.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema huyu mwenye nyumba wangu aanze huu mstari tena. Umepinda."

Nikauanza tena.