Taa Nane Nyekundu

Saa tano asubuhi taa zote nane za mtambo wa simu zilikuwa nyekundu, ishara kwamba kila laini inatumika, lakini ofisini hakuna aliyekuwa akizungumza na yeyote.

Bi Waya alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mtambo. Jina hilo alilipata kwa miaka ishirini na miwili ya kutengeneza simu za maofisini, na hata wanawe hulitumia wakitaka kumchokoza. Jana alikuwa ameiunganisha ofisi hii, inayopeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa majumbani, na tawi lake lililo upande wa pili wa mji. Mpango ulikuwa rahisi: mpokea simu akizidiwa au asiponyanyua, simu ihamie tawini.

"Fundi, Mzee wa Mtungi hajapiga," mpokea simu alisema. "Hupiga kila siku saa tatu kamili. Mtungi wa mkewe unaisha saa sita."

"Si mumpelekee tu?"

"Wapi? Jana wamehamia kwa binti yao. Alisema leo atanielekeza. Nimempigia kwa simu yangu ya mkononi mpaka kidole kinauma. Yake inatumika muda wote."

Meneja akaingia kwa mara ya tatu. "Bi Waya, mtambo wa zamani ulikuwa mkongwe, lakini angalau ulikuwa unaita. Huu wako ni bubu! Yule mama akikosa pumzi..."

Bi Waya alifungua kumbukumbu za simu kwenye kompyuta yake, akafuata mistari kwa kidole. Laini ya kwanza: simu imeingia. Ya pili: imetoka kwenda tawini. Ya tatu: imeingia kutoka tawini. Ya nne: imetoka tena. Ya kwanza ilianza saa tatu na dakika moja, nyingine zikafuata kwa kupishana sekunde chache.

Kwa simu ya mkononi akampigia mdogo wake, ambaye ndiye aliyefunga mtambo wa tawini. Alimlea mwenyewe, akamfundisha kazi tangu siku alizokuwa akimenya waya kwa meno.

"Kitinda mimba, huko mkizidiwa, simu unaipeleka wapi?"

"Kwako, dada. Kwani wapi tena? Mama si alituusia, ukielemewa mpe mwenzako?"

"Na mimi nakupa wewe."

"Mungu wangu," mdogo wake akasema. "Tumemzungusha mtu."

Mtu mmoja ndiye aliyejaza laini zote: simu yake haikunyanyuliwa upesi, ikawa inaenda na kurudi kati ya ofisi na tawi, kila safari ikichukua laini nyingine. Sasa alikuwa akingojea laini ipatikane, na zote amezishika yeye mwenyewe.

"Futa njia ya kurudi kwangu," Bi Waya akaamuru. "Ikifika kwako ndiyo mwisho. Iite mezani mpaka mtu anyanyue."

"Tayari, dada."

Ilibaki kumkata. Saa ya ukutani ilionyesha tano na dakika ishirini. Bi Waya akabonyeza. Taa nane zikazimika kwa mpigo mmoja, chumba kikawa kama kimeshusha pumzi.

Mpokea simu akajaribu tena kwa simu ya mkononi. "Bado inatumika!"

"Basi anapiga," Bi Waya akanong'ona. "Naomba awe anapiga."

Taa moja ikawaka. Simu ya mezani ikalia, mpokea simu akainyanyua na kuwasha spika.

"Binti, andika haraka, chaji inakwisha!" Alikuwa Mzee wa Mtungi. "Nimeambiwa subiri, subiri, kwa saa mbili na zaidi. Nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu, nyumba ya—"

Ikakatika. Lakini dereva wa mitungi, aliyekuwa akisubiri pembeni, alikuwa ameshashika funguo. "Geti la bluu nyuma ya kituo cha mafuta nalijua," alisema akiwa mlangoni.

Saa sita kasoro dakika saba dereva akapiga: mtungi umefungwa, mama anapumua, mzee anauliza ni nani alimkata simu.

Meneja akamwambia mpokea simu asinyanyue, kisha akapiga kwa simu yake kuujaribu mtambo. Iliita mara nne, ikahamia upande wa pili wa mji, ikanyanyuliwa.

"Tawini hapa," ikasema sauti ya mdogo wake Bi Waya. "Siendi popote."